Kupima makengeza na ushirikiano wa macho: mwongozo kamili kwa wapimaji wa Bukavu

Mtoto mwenye makengeza akiketishwa mbele yako, mkono unakimbilia kufunika jicho. Uuzuie kwanza. Huenda ubongo wa mtoto huyo unahangaika tangu asubuhi kuyashika macho yake mawili pamoja, na ukishafunika moja umeuvunja ushirikiano huo. Pengine hautarudi tena siku hiyo. Ndiyo maana vipimo vinavyotaka macho yote mawili wazi hutangulia, vya kufunika hufuata, na kusoma chati kwa jicho mojamoja huja baadaye. Mpimaji anayeshika utaratibu huu akiwa na tochi ya sokoni hupata majibu ya kuaminika kuliko mwenye vifaa vya gharama anayeanza popote.

Nawaandikia wauguzi na wapimaji wa macho wa Ibanda, Kadutu na Bagira hapa Bukavu, na wenzetu wa vituo vya afya vya Kabare, Walungu na Idjwi, ambako mgonjwa yupo ila daktari wa macho yuko mbali. Sote tumemsikia mzazi akisema, “Dokta, banasema itaisha akikomea,” yaani akikua. Inauma zaidi pale aliyemwambia hivyo alikuwa mtu wa afya. Kwa mtoto mchanga, macho kupishana mara mojamoja katika miezi 3 au 4 ya mwanzo si ajabu. Lakini kengeza linalokaa muda wote si la kawaida kwa umri wowote, na lile la kuja na kuondoka likiendelea baada ya miezi 4 hadi 6 linataka kupimwa. Ubongo wa mtoto ukipokea picha mbili zisizolingana huizima moja. Jicho lililozimwa halijifunzi kuona, linabaki jicho vivu. Tiba hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 7, ingawa hata kati ya 7 na 12 wapo wanaofaidika. Kila mwaka anaoambiwa asubiri unakatwa kwenye muda huo.

Misuli 6 na neva 3

Kila jicho huzungushwa na misuli 6. Wa nje hulipeleka upande wa sikio, na huendeshwa na neva ya sita ya kichwa. Msuli wa mshazari wa juu hushusha jicho likiwa limeelekea puani, na huendeshwa na neva ya nne. Misuli 4 inayobaki, yaani wa ndani, wa juu, wa chini na wa mshazari wa chini, ni ya neva ya tatu, ambayo pia huinua kope na kubana mboni. Ukishika hayo, sehemu kubwa ya unachokiona kwenye kiti itaeleweka bila kufungua kitabu.

Vifaa

Tochi ndogo yenye mwanga wa kadiri. Taa ya simu inaweza kusaidia ikifunikwa kwa tabaka moja la plasta nyeupe, maana ikiwa wazi ni kali mno na mtoto atafumba macho. Kifuniko: kijiko kikubwa cheusi, kipande cha katoni, au kiganja chako ukiwa na mtoto mdogo anayeogopa vitu. Kijiti cha mbao cha kukandamizia ulimi, ukibandike picha ndogo upande mmoja na herufi ndogo upande wa pili. Rula ya sentimita 30. Chati ya herufi E kwa wasiojua kusoma. Kama kituo kina ofthalmoskopu (kifaa cha kumulika na kutazama ndani ya jicho), seti ya prizimu (vioo vya umbo la kabari vinavyopinda mwanga) na kadi ya kupimia uwezo wa kuona kina, vizuri. Kama havipo, bado kazi inafanyika.

Picha ya kwenye kijiti iwe na kitu kidogo ndani yake ambacho mgonjwa atalazimika kukitafuta. Usitumie mwanga wa tochi kama kitu cha kutazamwa wakati wa kufunika jicho. Mwanga mtupu haulazimishi macho kulenga, na kengeza la ndani linalotokana na juhudi ya kulenga litajificha, umwambie mama mtoto hana kitu.

Anza na maswali

Lilianza lini? Ni jicho lilelile au yanabadilishana? Ni muda wote, au akichoka, akiwa na homa, akitazama mbali? Hufumba jicho moja kwenye jua kali? Alizaliwa kabla ya wakati? Kuna mtu katika ukoo mwenye makengeza au aliyetolewa jicho utotoni? Alianguka, aligongwa? Swali hili la mwisho lifuatilie kwa undani, kwa maana ajali ndogo ya moto (pikipiki) mara nyingi haitajwi mpaka uulize.

Kwa mtu mzima, swali kuu ni kuona vitu viwili viwili. Akisema ndiyo, mwambie afunike jicho moja. Uwili ukiisha kwa kufunika jicho lolote kati ya mawili, tatizo liko kwenye mpangilio. Ukibaki hata jicho moja likiwa limefunikwa, tafuta sababu ndani ya jicho hilohilo: mtoto wa jicho, konea (kioo cha mbele cha jicho) isiyo sawa, au miwani inayohitajika. Swali hilo moja huokoa muda mwingi.

Omba picha za zamani. Karibu kila familia ina picha kwenye simu, na picha ya ubatizo au ya sikukuu inaweza kuonyesha kama kengeza lilikuwepo na kama kichwa kilikuwa kinainama tangu zamani.

Mtazame kabla ya kumgusa

Wakati unaongea na mzazi, mwangalie mtoto kwa pembeni. Kichwa kimekaaje? Mtu ambaye msuli wa nje wa jicho la kushoto ni dhaifu hugeuza uso kushoto ili asihitaji kulipeleka jicho huko. Mwenye udhaifu wa neva ya nne ya kulia hulaza kichwa kwenye bega la kushoto. Usimnyooshe kichwa mapema. Mkao huo ndio unaomwezesha kuona kitu kimoja, na unapaswa kuuandika kwenye fishi (kadi ya mgonjwa) kabla ya kitu kingine. Wapo watoto waliopelekwa kukandwa shingo kwa miezi mingi wakati shida ilikuwa kwenye jicho.

Angalia kope pia. Moja imeshuka? Inashuka zaidi kadiri mazungumzo yanavyoendelea? Mboni zinalingana ukubwa?

Vipimo vya macho mawili wazi

Kwanza asome chati kwa macho yote mawili, ujue anaona kiasi gani kwa ujumla. Kama ana miwani, aivae.

Kama una kadi ya kupimia kina, itumie sasa. Kadi ya Lang haihitaji miwani maalumu; ishike sentimita 40, sambamba na uso, bila kuitikisa. Mtoto mdogo hatakutajia picha, lakini macho yake yatarukia pale picha ilipo, au ataunyoosha mkono kuishika. Mwenye kuona kina vizuri kwa kawaida hana kengeza kubwa la muda wote. Ukiwa na taa 4 za Worth (nyekundu 1, kijani 2, nyeupe 1), mvishe kioo chekundu jicho la kulia na cha kijani la kushoto. Taa 4 maana yake macho yanashirikiana, au yamejizoesha kushirikiana. Nyekundu 2 tu, jicho la kushoto limezimwa. Kijani 3, limezimwa la kulia. Akihesabu 5, anaona viwili.

Halafu nuru juu ya konea, kipimo kinachobeba jina la Julius Hirschberg, daktari wa macho wa Berlin. Kaa usawa wa uso wa mgonjwa, shika tochi sentimita 33 hivi, katikati ya macho yake mawili, jicho lako likiwa nyuma tu ya mwanga. Tazama nukta nyeupe ndani ya kila mboni. Ikiwa nukta hizo zimekaa mahali pamoja kwa macho yote, hata kama zimeegemea puani kidogo, hakuna kengeza kubwa. Nukta ikisogea upande wa sikio, jicho hilo limegeukia ndani. Ikisogea upande wa pua, jicho limegeukia nje. Ikishuka, jicho limepanda.

Kwa kukadiria ukubwa, milimita 1 ya kusogea huhesabiwa nyuzi 7, karibu dayopta 15 za prizimu. Nukta ikiwa kwenye ukingo wa mboni ni nyuzi 15 hivi, katikati ya duara la rangi ni 30, na kwenye mpaka wa duara hilo na weupe ni 45. Ni makadirio tu. Kengeza dogo hupita hapa bila kuonekana, na jicho lisilo na kasoro ya mpangilio linaweza kuonekana limegeuka kwa sababu ya umbo lake la ndani. Asiruhusiwe mtu kwenda nyumbani na jibu la nuru peke yake.

Hapa ndipo utawakuta watoto wengi wasio na kengeza kabisa: wachanga wenye mzizi mpana wa pua na kunjo la ngozi linaloziba weupe wa ndani. Nukta zinalingana, kifuniko hakionyeshi mwendo. Bana taratibu ngozi ya pua ya mtoto kwa vidole viwili, umwonyeshe mama jinsi macho “yananyooka”. Anaondoka amepumua. Hata hivyo mpe tarehe ya kurudi, kwani kengeza la kweli linaweza kuja baadaye kwa mtoto huyohuyo.

Zima taa, funga pazia, mulika mboni zote mbili kwa ofthalmoskopu ukiwa umbali wa mita 1. Wekundu ulingane. Ukiwa mwangavu zaidi upande mmoja, jicho hilo huenda limegeuka au namba zake za miwani ni tofauti. Ukiwa mweupe, au haupo, acha vipimo vingine vyote. Makengeza ni miongoni mwa dalili za saratani ya retina (utando wa nyuma ya jicho) ya watoto, na mtoto wa jicho naye hujitokeza hivyo. Kila mtoto mwenye makengeza apimwe wekundu huu, bila kumruka hata mmoja. Mahali ambapo hakuna ofthalmoskopu, picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa kamera inaweza kukuonyesha weupe huo, lakini picha nzuri isikutoe wasiwasi kama mzazi anasema ameona “jicho la paka” usiku.

Kukutana karibu na pua

Kipimo hiki kinawahusu zaidi wanafunzi. Mji wetu umeme hukatika, mtu anasoma sillabasi (kitini cha masomo) kwa mwanga wa simu hadi usiku wa manane, kisha anakuja analalamika kichwa, mistari inapandana, herufi zinacheza. Wengi wameshanunua miwani sokoni bila nafuu.

Shika kijiti upande wa herufi, sentimita 40 mbele ya pua, chini kidogo ya usawa wa macho. Kisogeze polepole kuelekea puani ukimwambia, “Angalia iyi herufi, uniambie ikikuwa mbili.” Wewe tazama macho, usitegemee mdomo wake tu: pale jicho moja linapoachia na kukimbilia nje, ndipo mahali pa kuvunjika. Pima kwa rula kutoka kwenye mzizi wa pua. Chini ya sentimita 10 ni kawaida. Kisha rudisha kijiti nyuma uone anapokiunganisha tena. Rudia mara kadhaa bila kumpumzisha; mwenye udhaifu huanza vizuri na kuzidi kuharibika kila duru. Wapo ambao jicho linaachia nao hawaoni viwili, kwa sababu ubongo umezima upande mmoja, na hao ndio hutoroka mpimaji anayesikiliza tu.

Kuzungusha macho

Kichwa kitulie. Mtoto ashikwe na mama yake: “Mama, umushike kichwa polepole, macho tu ndiyo yatembee.” Sogeza kijiti kwa umbo la herufi H kubwa: kulia, kulia juu, kulia chini, rudi katikati, kushoto, kushoto juu, kushoto chini. Ongeza juu na chini wima. Kila pembe simama kidogo, linganisha jicho na jicho, na uangalie weupe unaobaki pembeni. Likienda kabisa nje, weupe wa pembe ya nje unatakiwa kutoweka au kubaki kidogo sana.

Ukiona upungufu, funika jicho lingine na urudie kwa jicho moja. Likifika pale ambapo halikufika yakiwa mawili, una dalili ya udhaifu wa neva au msuli. Lisipofika hata likiwa peke yake, huenda msuli umenaswa au umekakamaa, au neva imelala kabisa; hilo atalitenganisha daktari. Andika upungufu kwa daraja, kutoka 0 hadi −4, ambapo −4 ni jicho lisilovuka mstari wa katikati.

Mtoto mchanga hafuati kijiti. Mshike kwa mikono miwili uso ukitazamana na wako, uzunguke naye taratibu. Macho yake yataenda upande wa mzunguko, na utaona kama jicho linalopaswa kwenda nje linafika. Wengi wanaodhaniwa wamepooza neva ya sita hufaulu hapo hapo. Kuna pia watoto waliozaliwa na jicho lisiloenda nje, na likienda ndani tundu la kope linabana. Hiyo ni hali ya Duane, na kwa kawaida si ya dharura.

Kufunika na kufunua

Sasa chukua kifuniko. Hiki ndicho kipimo kinachoamua, na kinahitaji utulivu kuliko ustadi.

Fanya mara mbili: kwa kitu cha karibu, sentimita 33, na kwa kitu cha mbali, mita 6. Vyumba vyetu vingi havifiki mita 6, lakini Bukavu imejengwa juu ya vilima. Fungua dirisha, mwambie atazame bati fulani kwenye mteremko wa mbele, au boti ziwani. Kwa kengeza la nje la kuja na kuondoka, umbali huo mkubwa ni bora hata kuliko chati, maana ndipo jicho huachia. Kama ana miwani, pima akiwa nayo, kisha bila.

Funika jicho la kulia. Usilitazame jicho ulilolifunika. Tazama la kushoto. Likitulia, lilikuwa limenyooka. Likitoka nje ili kushika picha, lilikuwa limegeukia ndani. Likiingia ndani, lilikuwa limegeukia nje. Likishuka, lilikuwa limepanda. Acha kifuniko sekunde 2 au 3, kisha ondoa, ngoja macho yote mawili yatulie, na ufanye upande wa pili. Watu wengi huharakisha hapa. Funika-funua-funika bila kungoja, na majibu yanachanganyika.

Kama hakuna jicho lililosogea, rudia, safari hii ukilitazama jicho lililokuwa chini ya kifuniko pale unapolifunua. Likirudi katikati kwa mwendo mdogo, hilo ni kengeza lililojificha. Karibu kila mtu analo kidogo na halina haja ya tiba kama halimsumbui.

Mtoto wa miaka 2 hatakaa kwa haya yote. Kaa chini, awe mapajani mwa mama, picha ya ndege usawa wa macho yake. Kiganja kikielea mbele ya jicho la kushoto, anaendelea kutazama ndege, hata anacheka. Kiganja kikihamia la kulia, anageuza kichwa, anasukuma mkono, midomo inaanza kutetemeka. Mkono ukiondoka, kilio kinaisha. Rudia mara moja tu kuthibitisha. Mtoto huyo amekuambia kwamba jicho la kulia ndilo analolitegemea na la kushoto halioni vizuri. Mama akisema, “Yeye ni mkali tu,” mwonyeshe tofauti ya pande mbili, naye ataiona. Kwa mtoto asiyeongea, kipimo hicho kina thamani kuliko chati yoyote.

Mwenye kengeza akitazama kwa zamu, sasa hili sasa lile, kwa kawaida macho yote yanaona. Ambaye jicho lilelile hurudi kugeuka kila ukifunua, lishuku jicho hilo kuwa vivu.

Kufunika kwa zamu, na prizimu

Hamisha kifuniko kutoka jicho moja kwenda lingine haraka, bila kuruhusu yote mawili yaone kwa pamoja, lakini kikae sekunde moja au mbili kila upande. Hapa unapata kengeza lote, la wazi na lililojificha. Kipimo hiki hakikuambii ni lipi kati ya hayo mawili. Ndiyo sababu hakiwezi kutangulia kile cha juu.

Ukiwa na prizimu, iweke mbele ya jicho lililogeuka, ncha ikielekea upande jicho lilikogeukia: kwa kengeza la ndani kitako kiwe nje, kwa la nje kitako kiwe ndani, kwa jicho lililopanda kitako kiwe chini. Ongeza nguvu huku ukifunika kwa zamu mpaka mwendo ukome, halafu zidisha kidogo uone unageuka upande wa pili. Namba iliyosimamisha mwendo ndiyo unayoandika.

Jicho likiwa limepanda, fanya hatua 3 za Parks. Lipi liko juu? Linazidi akitazama kulia au kushoto? Linazidi akilaza kichwa bega la kulia au la kushoto? Jicho la kulia likiwa juu, likazidi akitazama kushoto na akilaza kichwa kulia, msuli wa mshazari wa juu wa kulia ni dhaifu. Kwa upande wa kushoto, geuza majibu.

Baada ya hapo ndipo umsomeshe chati kwa jicho mojamoja, na kupima namba za miwani kwa matone ya kupanua mboni. Usiruke matone kwa mtoto mwenye kengeza la ndani. Mwenye namba kubwa za kujumlisha (miwani ya +) hulazimika kukaza macho ili aone, na kukaza huko huyavuta ndani; wengine hunyooka kwa miwani peke yake, bila kisu. Ukitumia atropini, mwambie mama abane pembe ya ndani ya jicho baada ya tone, na asimamishe dawa mtoto akipata homa au uso kuwa mwekundu.

Wa kupelekwa leo

Mboni nyeupe. Kope iliyoshuka, jicho likiwa nje na chini, mboni imepanuka na kichwa kinauma: huenda mshipa wa damu kichwani umevimba na unakaribia kupasuka. Udhaifu wa neva ya sita, ya upande mmoja au zote mbili, pamoja na maumivu ya kichwa, kutapika au homa: fikiria shinikizo kichwani na homa ya uti wa mgongo, na kwa mwenye virusi vya UKIMWI fikiria kuvu ya kriptokokasi. Usimpe miwani mtu wa namna hiyo.

Mtoto aliyepigwa usoni, jicho halipandi juu, anatapika na mapigo ya moyo ni ya polepole, hata kama jicho ni jeupe safi bila jeraha, ana msuli ulionaswa kwenye mfupa uliovunjika. Msuli huo hufa ukicheleweshwa. Jicho linaonekana zima, familia inadhani kichwa tu ndicho kimeumia, na wanapewa paracetamol warudi nyumbani. Ukishika kijiti na kumwambia atazame juu, umeshajua.

Kope na uwili vinavyozidi jioni au baada ya kutazama juu kwa dakika moja vinaashiria mayasthenia, ugonjwa wa misuli kuchoka upesi. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa juu ya kope kwa dakika 2. Ikipanda milimita 2 au zaidi, dalili imeongezeka nguvu. Akiwa pia anashindwa kumeza au kupumua, apelekwe hospitali mara moja.

Mtu mzima mwenye kisukari au presha anaweza kupoteza neva moja ghafla, na mara nyingi hurudi ndani ya miezi 3. Lakini mpime sukari na presha siku hiyohiyo, na aonwe na daktari kabla hujamtuliza.

Fishi na tarehe ya kurudi

Andika kama vile msomaji hatamwona mgonjwa. Mkao wa kichwa; uwezo wa kuona wa kila jicho; karibu na mbali; na miwani na bila; lipi linageuka, wapi, muda wote au mara nyingine; kiasi; mwendo uliopungua na daraja lake; wekundu wa mboni. Mfano: “Bila miwani, karibu, jicho la kushoto limegeukia ndani muda wote, dayopta 30. Na miwani, dayopta 8. Mwendo kamili. Wekundu sawa.” Mistari hiyo inamwambia daktari kwamba miwani inafanya kazi, na inamwepusha mtu wa Idjwi kulipa boti mara mbili kwa kitu kimoja.

Daktari akiagiza kufunika jicho zuri, masaa 2 kwa siku hutosha kwa jicho vivu la kiwango cha kati, na 6 kwa lililo baya zaidi. Mweleze mama kwamba plasta hunata kwenye ngozi, chini ya miwani, na kwamba mtoto atalia siku za mwanzo kwa sababu umemfunika jicho analolitegemea. Acheze akiwa amefunikwa: achambue maharagwe, apake picha rangi, kitu chochote kinachotaka kutazama karibu. Ukiona imeagizwa siku nzima, kadiri tarehe ya kurudi kwa umri, wiki 1 kwa kila mwaka: wa miaka 3 arudi baada ya wiki 3. Siku hiyo pima macho yote mawili, na uanze na lile lililofunikwa, uhakikishe halijapungua.